Ukuta wa Nne wa Bafu la 302

Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, kitu cheupe kilikuwa kikitoka kwenye mstari wa tatu wa grauti, saruji ya kujazia kati ya vigae, kutoka sakafuni, katika bafu la nyumba namba 302. Kilitoka taratibu, kikateremka juu ya kigae cha kijani kwa urefu wa kidole, kikasimama. Lindinalva alikigusa kwa kidole cha shahada, akakisugua kwa gumba. Kwanza kiliteleza, kisha kikaanza kunata.

"Si chumvi ya saruji hiyo?" aliuliza Mzee Abelardo, mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Chumvi hainati, Mzee."

"Basi sabuni. Mimi natumia sabuni nyingi."

"Kimetokea ndani ya ukuta. Unaoga ndani ya ukuta?"

Mzee Abelardo alikunywa kahawa yake. Alikuwa amepiga tarumbeta kubwa katika bendi za Kanivali kwa miaka arobaini, na hata akinyamaza pumzi zake zilisikika.

Lindinalva, ambaye mafundi wote wa jiji la Recife walimwita Nalva, aligeuza mwiko wake, akaanza kugonga vigae kwa mpini, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu. Kigae kilichoshika vizuri hujibu kwa sauti nene na fupi. Kilichoachia husikika kama debe. Ukuta wa bomba la mvua ulikuwa na vigae ishirini na vinane. Kumi na kimoja vilisikika kama debe, na vyote vilikuwa katika safu tatu za chini, pale maji yanapopiga zaidi. Aligonga kuta nyingine tatu za bafu. Hakukuwa na hata kigae kimoja kilichoachia.

Bafu lile lilikuwa na siku ishirini na tatu tangu likamilike.

Halikuwa bafu la kawaida. Jengo lilikuwa na ghorofa nne bila lifti, nyumba kumi na sita, na mabomba yake yote yalikuwa yakibadilishwa. Mabafu yote yangevunjwa na kuwekwa vigae upya. La 302 lilikuwa la mfano. Likisimama, Nalva na mwenzake Edvânio wangepewa kumi na tano yaliyobaki, kazi ya mwaka na zaidi. Likianguka, kulikuwa na fundi mwingine, Genival, ambaye alikuwa ameanza kupita kwenye ngazi za jengo hilo mara nyingi kuliko walivyopita wakazi.

Bi Marluce aliingia bila kubisha. Ndiye aliyechaguliwa na wakazi kusimamia jengo. Alifundisha hesabu kwa miaka thelathini, na bado alimtazama kila mtu kama mwanafunzi aliyenakili jibu.

"Ni nini hicho, fundi?"

"Bado sijui."

"Genival anajua. Jumamosi aliniuliza hali ya bafu la mfano kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa."

"Genival hajaliona hili bafu."

"Ndiyo maana nikashangaa. Labda anaombea tu liharibike." Bi Marluce aliinama, akakitazama kile cheupe kwa muda mrefu. "Ijumaa saa moja jioni wakazi wanakutana pale chini kwenye maegesho. Wataniuliza. Mimi sitaki pole, sitaki 'tutarekebisha'. Nataka kujua kilichoharibu, na kilipita mkononi mwa nani. Kama hujui kilichoharibika kwenye bafu moja, utajuaje kwenye kumi na tano?"

Nalva alifungua mfuko wa vifaa, akatafuta wembe.

*

Kigae cha kwanza kilitoka bila kuombwa. Alipitisha wembe kwenye grauti, akabandika mpini wenye mpira unaonyonya, akavuta. Alitarajia upinzani, hakuupata. Edvânio, aliyekuwa amefika na ndoo zake, alisimama nyuma yake na kupiga mluzi.

"Kimetoka kama jino la maziwa, dada."

"Lete taa."

Nyuma ya kigae, gundi ya unga ilikuwa imeenea pote. Mistari ya meno ya mwiko ilikuwa imelala vizuri, hakuna uwazi, hakuna sehemu kavu. Alijaribu kuikwangua kwa tindo na ikakataa. Hiyo ilikuwa gundi namba tatu, ile ya mahali penye maji, na ilikuwa imefanya kazi yake juu ya kigae. Lakini upande wake wa pili, uliopaswa kushika ukuta, ulikuwa na ngozi nyembamba nyeupe, laini, inayovutika. Ukuta wenyewe ulikuwa mtupu.

"Mimi nasema grauti," Edvânio alisema. "Imepitisha maji."

"Grauti ya saruji hupitisha maji kila siku, kila bafu, hapa na kwa gavana. Haikuwekwa kuzuia maji."

"Basi gundi."

"Gundi hii hapa. Ivunje ukiweza."

Edvânio hakujaribu. Walifanya kazi pamoja miaka tisa, na alijua sauti yake akiwa anauliza na sauti yake akiwa amekwisha kujua.

Kati ya gundi na ukuta kulikuwa na kitu kimoja tu, praima. Katika majengo ya namna hii, ambayo kuta zenyewe ndizo nguzo, hakuna anayeruhusiwa kuparua ukuta kwa nyundo ili gundi ipate pa kushika. Bi Marluce alikuwa amebandika tangazo kuhusu hilo mlangoni, kwa herufi nyekundu. Ukuta wa zamani wa saruji laini huachwa ulivyo, unapakwa praima, na praima ndiyo inayoshikanisha ukuta na gundi. Praima ikiachia, kila kilicho juu yake kinaning'inia hewani.

Kwa hiyo swali lilikuwa dogo kuliko alivyodhani asubuhi. Ni nini kilichopakwa kwenye ukuta wa nne?

Alianza na Mzee Abelardo. Fundi wa Recife huandika orodha, na mwenye nyumba ndiye anayekwenda dukani kununua. Kati ya orodha na kaunta ya duka kuna shetani, na shetani huyo huvaa shati la kampuni na kusema, "Hii ni ileile, ila rahisi."

"Mzee, ile praima niliyoandika, ulinunua hiyohiyo?"

"Mwanangu, unaniita mwizi nyumbani kwangu?"

"Nauliza."

"Unauliza kama Marluce."

"Kopo liko wapi?"

Mzee alimwongoza hadi dirisha la jikoni, mabega yamepanda. Kopo lilikuwa pale, limetobolewa chini, limejazwa udongo, na giligilani ilikuwa imeota ndani yake. Nalva alilizungusha taratibu. Lebo ilikuwa nzima. Jina lilikuwa lile. Chini yake paliandikwa kwamba inafaa kwa bafu, bwawa na kuta za nje. Alitoa daftari lake, akalinganisha namba ya toleo na ile aliyoinakili siku ya kwanza. Zililingana.

"Unaona?" Mzee alisema. "Sasa niombe radhi mimi na giligilani."

"Giligilani sikuishuku."

Lakini daftari lilikuwa limefunguka kwenye ukurasa wa Jumamosi waliyopaka praima, na macho yake yalibaki hapo. Yeye aliandika saa, kwa sababu praima ina muda wake wa kukauka na hakutaka kukisia. *Saa 5:20. Kopo limeisha, kuta tatu tayari. Saa 5:45. Ukuta wa nne, praima ya akiba, chupa.*

Duka lilikuwa linafunga saa sita, wasingeliwahi. Alikumbuka kila kitu. Alimtuma Edvânio aende Água Fria, nyumbani kwake yeye Nalva, kwenye rafu ya banda, achukue chupa ya akiba. Edvânio alirudi na chupa ya soda ya guarana ya lita mbili, ndani yake maji meupe mazito, na kwenye mkanda ubavuni maandishi ya Nalva mwenyewe: PRAIMA. Edvânio alipaka. Ikakauka, ikawa wazi kama kioo. Jumatatu iliyofuata waliweka vigae.

Kutoka 302 hadi Água Fria kwa pikipiki ni dakika ishirini kama hakuna mvua. Kwenda na kurudi ni arobaini. Edvânio alitumia ishirini na tano.

Nalva alizisoma tena nyakati zile mbili, akafunga daftari.

*

Nyumba ya Edvânio ilikuwa kilimani Alto do Pascoal, dakika kumi kutoka kwenye jengo. Na kila mtu aliyemjua Edvânio alijua kilichokuwa nyumbani kwake. Kuanzia Novemba hadi Kanivali alitengeneza vichwa vya dubu kwa ajili ya vikundi vinavyopita mitaani vikipiga ngoma na kudai sarafu: magazeti yaliyochanwa, yaliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya karatasi iliyozimuliwa kwa maji. Gundi hiyo aliinunua kwa ndoo na kuigawa kwenye chupa za soda. Nyeupe, nzito, ikikauka inakuwa wazi kama kioo.

Baadhi ya mafundi huipaka ukutani. Huiita siri ya babu. Sebuleni inashika hata miaka ishirini. Bafuni, maji yakiifikia, inarudi kuwa gundi ya maji.

Nalva hakupenda njia ambayo mawazo yake yalikuwa yakienda, lakini kutokuipenda hakukuwa ushahidi. Jumatatu hiyohiyo alinunua kopo dogo la praima ileile, na kichupa cha gundi ya karatasi kwenye duka la madaftari. Alipaka kila kimoja nyuma ya kipande cha kigae. Kwenye kipande cha tatu alibandika ngozi aliyoivua nyuma ya kigae cha 302. Akaandika namba. Jumanne saa sita mchana, vilipokauka, aliviweka kwenye sinia la maji juu ya jokofu, ili binti yake Rosicler asije akayatumia maji hayo kuoshea mchele.

Jumatano saa sita mchana alivitoa. Cha kwanza, praima, kilikuwa kama alivyokipaka. Alikikwangua kwa ukucha na hakuna kilichotoka. Cha pili kilikuwa kimevimba, kimegeuka cheupe, na kidole kikakifuta chote. Cha tatu kilifutika vilevile.

Alivifunga vipande vitatu kwenye gazeti, akaenda kwenye jengo.

Edvânio alikuwa amekaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, bakuli la mihogo na nyama kavu magotini. Alikuwa amefanya kazi asubuhi nzima. Vigae vyote ishirini na vinane vilikuwa vimeshuka, vimepangwa sakafuni kwa safu kama vilivyokuwa ukutani.

"Umekula, dada?"

"Nitakula."

"Hujala, maana una uso wa mtu aliyemeza msumari."

Nalva alikaa ngazi moja juu yake. "Siku ile ya chupa. Ulikwenda saa tano na dakika ishirini, ukarudi saa tano na arobaini na tano."

"Kama umeandika, basi ndivyo."

"Kwangu ni dakika arobaini."

Edvânio aliacha kutafuna. "Sasa?"

"Sasa nauliza kwa nini uliwahi."

"Watu huwagombeza mafundi kwa kuchelewa. Wewe unanigombeza kwa kuwahi."

"Sikugombezi. Iliyokuwa kwenye chupa haikuwa praima. Ni gundi ya karatasi. Nimeijaribu kwa maji." Alifungua gazeti, akavionyesha vile vipande. Edvânio hakuvitazama. Alikuwa anamtazama yeye.

"Malizia," alisema.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Umeacha neno moja mdomoni. Litoe. Sema kwamba nilipita kwangu, nikajaza chupa na gundi ya dubu, nikakuletea, nikauharibu ukuta wangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nikakaa siku ishirini na tatu nikisubiri kazi ya mwaka mzima ipotee. Sema."

"Nimeuliza swali."

"Miaka tisa, Nalva." Hakusema dada. "Ulipovunjika mguu, nani alikwenda kukaa kwenye kazi yako na akakuletea malipo yote mkononi? Uliniandikia saa siku hiyo?"

"Hilo ni jambo lingine. Mimi naongelea chupa."

"Niliileta chupa uliyonituma. Yenye mwandiko wako." Alifunika bakuli ambalo halikuwa limefika nusu. "Utafute mtu mwingine wa kumhesabia dakika."

Aliteremka. Saa saba na robo pikipiki yake ilisikika chini, kisha haikusikika. Mlango wa 202 ulikuwa wazi kiasi cha mkono, na Bi Marluce, ambaye aliishi hapo, hakujisumbua kujifanya kwamba hakuwa amesikiliza.

"Kikulacho ki nguoni mwako, fundi," alisema. "Mimi yule sikumwamini tangu mwanzo. Mtu anayecheka kila wakati anaficha meno mabovu. Ijumaa nitawaambia wakazi umemwondoa. Watatulia."

"Sijamwondoa. Ameondoka."

"Kwao ni mamoja."

Nalva alipanda hadi 302, akawasha jiko dogo la gesi, akachemsha maji. Gundi ile ilitoka ukutani kwa kitambaa cha moto na mkwanguo wa plastiki, kwa vipande virefu, bila nyundo. Kufikia saa kumi na moja jioni ukuta ulikuwa safi. Aliupima kwa mkono mtupu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatambua kwamba katika hoja yake kulikuwa na tundu ambalo hakulitazama. Alijua kilichopakwa. Alijua Edvânio aliwahi. Hakujua alipita njia gani.

*

Alhamisi asubuhi Rosicler alikuwa mezani na cherehani yake, kuskusi ya mahindi na yai ikipoa pembeni. Nalva alirudi kutoka bandani na mikono yenye vumbi. Kwenye rafu palikuwa na duara mbili kwenye vumbi, za ukubwa mmoja, mahali chupa mbili zilipokaa. Duara zote zilikuwa tupu.

"Rosicler, kuna mtu aliyeingia bandani kwangu?"

"Mimi. Mara elfu. Kwa nini?"

"Jumamosi ile Edvânio alipokuja kuchukua chupa, ulikuwepo?"

"Hakuja." Rosicler aliuma uzi. "Alinipigia simu. Kasema, mama yako ana haraka, duka linafunga, nitolee chupa ya praima kwenye rafu, tukutane nusu ya njia. Nikampelekea hadi soko la Casa Amarela kwa pikipiki ya kukodi. Hakukwambia?"

"Sikumuuliza."

"Basi ndiyo hivyo. Nilikuta chupa moja yenye mwandiko wako, nikampa."

Nalva aliketi. "Kulikuwa na chupa mbili pale."

"Kulikuwa na mbili Januari. Moja tupu na moja ya kwako. Ile tupu niliichukua wakati wa kichwa cha dubu, cha kikundi chetu. Nilikwambia. Ulisema chukua. Edvânio akanijazia gundi, tukatumia nusu, Kanivali ikaisha, nikairudisha nusu iliyobaki mahali pake."

"Ilikuwa na maandishi?"

"Si ulikuwa umeandika mwenyewe PRAIMA? Mimi nilihitaji chombo, sikuhitaji lebo."

"Na ile nyingine? Yenye praima kweli?"

Rosicler alifikiri, mguu ukiwa umesimama juu ya kanyagio. "Ile si uliimalizia mwenyewe Pasaka, kwa jirani, kwenye tangi? Ulirudi nayo tupu ukaitupa. Nilikuwepo. Mama, una nini?"

Nalva alikuwa amefungua daftari. Pasaka, ukurasa wa tangi la jirani: *praima ya akiba, yote.* Mwandiko wake. Aliandika kwamba imeisha, na baada ya wiki kumi na sita akamtuma mtu akailete.

Alipanga mambo kwa mpangilio, kama anavyopanga vigae sakafuni kabla ya kuvigusa ukutani. Chupa ilikuwa ya kwake. Alipomruhusu Rosicler aichukue ilikuwa tupu, na hakuivua lebo. Hakuna nyumba mtaani kwao inayotupa chupa ya soda au kopo la aiskrimu. Unafungua kopo la aiskrimu ukitarajia tamu, unakuta maharage. Kila mtu anajua hilo na kila mtu anacheka. Yeye mwenyewe alicheka mara nyingi. Na bado alikuwa ameuamini mkanda wa sentimita sita kuliko pua yake, maana gundi ya karatasi ina harufu kidogo ya siki, na praima haina.

Edvânio alifanya alichoagizwa, kwa haraka aliyoagizwa.

Kisha akaliona jambo la pili, ambalo lilikuwa rahisi. Hakuna aliyejua. Bi Marluce alikuwa tayari na jibu lake. Edvânio alikuwa ameondoka na fahari yake, na hakuwa mtu wa kuja kujitetea kwenye maegesho ya watu wengine. Nalva hakuhitaji kusema uongo wowote. Alihitaji kukaa kimya hadi Ijumaa saa moja jioni.

Lakini jibu lile lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilimsumbua zaidi ya aibu. Kama sababu ilikuwa Edvânio, basi dawa ilikuwa kumwondoa Edvânio. Angeondoka, na rafu ingebaki.

*

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alibisha mlango wa 202.

"Ilikuwa chupa yangu," alimwambia Bi Marluce. Akaeleza: chupa, lebo, Kanivali, Pasaka, soko la Casa Amarela. Hakupamba. Bi Marluce alisikiliza akiwa amesimama, kofia ya kufunikia nywele kichwani.

"Unaelewa kwamba sikukuuliza upya," alisema mwishoni.

"Naelewa."

"Nilikuwa na maelezo yaliyonitosha."

"Hayakuwa sahihi."

Bi Marluce alimkagua usoni. Pengine alikuwa anatafuta mahali jibu liliponakiliwa. "Basi jioni utasema wewe," alisema. "Mimi sitakusemea. Na ulete vile vigae."

Jioni, maegesho, viti vya plastiki, nyumba kumi na nne kati ya kumi na sita zikiwa na wawakilishi. Genival alikuwa amealikwa na mtu ambaye hakujitaja. Nalva alisimama, akavipitisha vile vipande vitatu, kila mkazi akavigusa. Alisema kosa lilikuwa la nani. Alisema ukuta wa nne utawekwa upya bila malipo na hautafunikwa mpaka kipande kitakachopakwa praima yake kikae ndani ya maji siku moja nzima mbele ya mwenye nyumba. Alisema pia kwamba kuanzia sasa hakuna kitu kitakachopakwa kwenye jengo hilo kutoka kwenye chombo kisichokuwa chake cha kiwandani.

"Yaani wewe mwenyewe ndiye uliyeharibu?" aliuliza mwanamume wa 401.

"Ndiyo."

"Na unatuambia tukupe mengine?"

"Nawaambia kilichotokea. Kutoa ni kwenu."

"Mimi sijawahi kutia kitu kwenye chupa ya soda," alisema Genival kutoka nyuma, na watu watatu wakageuka kumtazama kwa namna watu wanavyomtazama mtu anayesema hajawahi kupiga chafya.

"Wewe Genival," Mzee Abelardo alisema, "petroli ya pikipiki yako naijua inakaa kwenye chupa gani. Unaiweka karibu na maji ya kunywa ya mkeo."

Kicheko kilichukua muda kuisha. Bi Marluce alipiga meza. Kura zilipigwa kwa mikono, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mwanamume wa 401 aliinua miwili. Mabafu saba yaliyobaki upande wa ua alipewa Nalva. Manane ya upande wa barabara alipewa Genival.

Jumamosi saa nne asubuhi Nalva alikuwa Alto do Pascoal. Edvânio alikuwa mlangoni, anafunga mnyororo wa pikipiki, mikono myeusi. Nyuma yake, sebuleni, kichwa cha dubu kisicho na macho kilining'inia kwenye msumari. Hakumkaribisha ndani.

"Chupa ilikuwa ya gundi tangu Kanivali," Nalva alisema. "Rosicler aliijaza kwako. Lebo ilikuwa yangu."

"Lebo niliisoma nikiwa sokoni. Hilo si jipya. Umekuja kusema nini?"

"Kwamba nilikosea."

"Ulikosea wapi? Usiniambie chupa."

Nalva alifikiri, kwa sababu swali lilistahili. "Nilikuuliza kwa nini uliwahi," alisema. "Sikukuuliza ulipita wapi."

Edvânio aliendelea kukaza mnyororo. "Wamekupa mangapi?"

"Saba."

"Genival manane?"

"Manane."

"Yule hawezi hata kukata kigae cha kona." Alijifuta mikono. "Nimeitwa Olinda, kwa binamu yangu. Jikoni mbili. Nitaangalia."

"Jumatatu saa moja na nusu niko 302. Praima ni mpya. Haijafunguliwa."

"Nimesema nitaangalia, Nalva."

Jumatatu saa moja na nusu hakuwepo. Saa moja na dakika hamsini Nalva aliufuta ukuta vumbi, akaufuta tena, akatandika karatasi sakafuni. Saa mbili kasoro dakika tano hatua zilisikika kwenye ngazi, na Edvânio akaingia na brashi yake. Alimsalimia Mzee Abelardo. Hakumsalimia Nalva. Akachuchumaa mbele ya kopo jipya, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kusoma lebo kwa sauti, kutoka jina hadi namba ya toleo, hadi tarehe, hadi onyo la kutoiweka karibu na watoto, hadi anwani ya kiwanda. Alisoma yote. Kisha akaliinua, akampa Nalva.

"Soma na wewe," alisema.

Nalva alisoma. Saa mbili na dakika mbili walilifungua.